Sindano Tuliyopigwa Ugenini



Juma lililopita, kikao kilipokwisha na watu wakikunja viti, mama mmoja wa chama chetu alitusogelea akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ni kweli wewe na mama yako mlichanjwa corona kule Tanzania? Na mko wazima?" Tulicheka, kisha tukaona kwamba swali hilo linastahili jibu mbele ya wote, si pembeni ya mlango. Ndiyo maana leo tunaeleza safari yetu ya Septemba 2021. Tunasema "sisi" kwa sababu tulikuwa wawili, mama na binti. Binti ndiye anayeandika, lakini kila neno amemsomea mama kwanza. Pale mama alipokataa, tumefuta. Pale alipokataa kisha akakubali, tumeacha, na mtapaona wenyewe.

KWA NINI TULIVUKA ZIWA

Mwaka ule mama alikuwa na miaka 62. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa limeanza kufuata. Alikuwa na presha pia. Alishindwa kuchambua mchele. Mawe yalibaki, sisi tukitafuna kimya ili asihuzunike. Ndugu zetu wa Ujiji wakatuma ujumbe: mleteni mama, huku kuna waganga wa macho.

Wengi wenu mnajua ndugu wa namna hiyo. Zamani za misafara, Nyangwe na Kasongo zilipokuwa miji mikubwa ya biashara, njia ilitoka kwetu ikafika Ujiji, na kutoka Ujiji ikaenda hadi pwani. Watu wetu walipita njia hiyo, wengine kwa hiari yao, wengi wakiwa wamefungwa. Wengine hawakurudi. Hadi leo kule Kigoma na Ujiji kuna watu wanaoitwa Wamanyema, na Dar es Salaam, katika Kariakoo, kuna Msikiti wa Manyema. Kwa hiyo tulikwenda ugenini, lakini ugenini penye jina letu.

Mwaka wa masomo ulikuwa umevurugika. Shule za nchi yetu zilifungwa tarehe 18 Desemba 2020 kwa ajili ya corona, zikafunguliwa tena tarehe 22 Februari 2021, na mwaka uliofuata ulipangwa kuanza tarehe 4 Oktoba. Binti akapata nafasi ya kumsindikiza mama. Tuliondoka Kasongo kwa pikipiki mbili, tukapita njia ya Salamabila na Lulimba hadi Fizi na Baraka. Tulitumia siku tano, moja yake tukiwa tumejibanza chini ya paa la duka mvua inyeshe ipite. Baraka tukapanda boti la wafanyabiashara, tukashukia Kibirizi, upande wa Kigoma.

Sasa tufike pale mama alipokataa kisha akakubali. Msafiri anayevuka mpaka hutakiwa kuonyesha kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Sisi tulikuwa nazo zote mbili, safi kabisa, zina jina, tarehe na muhuri. Lakini tulizinunua. Mtu mmoja alituandikia, tukalipa, tukaondoka, wala hakuna sindano iliyotugusa. Tulikuwa na haraka, na tuliona kadi ni ya kumridhisha askari wa mpakani tu. Wamama wengi wanaosafiri kwa biashara wanajua tunasema nini.

HOFU TULIYOBEBA

Ugonjwa wa corona ulionekana nchini kwetu mara ya kwanza tarehe 10 Machi 2020, Kinshasa. Kwetu Kasongo wengi waliuona kama habari ya mbali, ugonjwa wa watu wa ndege. Sisi tulifikiri hivyo hadi Juni 2021, mdogo wake mama alipofariki Kinshasa. Alikohoa siku tisa. Mazishi yake tuliyaona kwenye simu ya jirani: watu wanne wenye mavazi meupe, hakuna wa kulia karibu. Mama alikaa chini na simu ile mkononi hata picha ilipokwisha. Alisema, "Hata kumfunika kikwembe hatukumfunika."

Mngedhani baada ya hapo mama angeikimbilia chanjo. Haikuwa hivyo. Aliuogopa ugonjwa, na chanjo akaiogopa zaidi, kwa maana habari zilizofika kwetu zilikuwa za kutisha. Wengine walisema aliyechanjwa hamalizi miaka miwili. Wengine walisema mwanamke hazai tena. Na yaliyotokea serikalini hayakutusaidia kutulia. Tarehe 2 Machi 2021 Kinshasa ilipokea dozi zaidi ya 1,700,000 za AstraZeneca. Kabla ya kuanza, nchi kadhaa za Ulaya zikasimamisha chanjo hiyo kwa muda kwa sababu ya watu wachache walioganda damu, na Kinshasa nayo ikangoja. Walipoanza, tarehe 19 Aprili, siku za dozi zile zilikuwa zinakaribia kwisha, na watu waliojitokeza walikuwa wachache. Karibu dozi 1,300,000 zikapelekwa nchi nyingine za Afrika zisije zikaharibika. Mtu wa kawaida akisikia dawa imeletwa, ikangojeshwa, ikaondolewa, atafikiri nini? Sisi siku tuliyoondoka Kasongo hatukuwa tumeiona chanjo hiyo kwa macho. Rais wetu mwenyewe alichanjwa hadharani katikati ya Septemba, tulipokuwa safarini.

Tulipofika Ujiji tulikuta nao wana mabishano yao. Rais Magufuli, aliyefariki tarehe 17 Machi 2021, alikuwa amewaonya watu wake juu ya chanjo za corona, akawahimiza maombi na kujifukiza. Aliyemfuata, Rais Samia Suluhu Hassan, alishika njia nyingine: tarehe 28 Julai 2021 alichanjwa mbele ya watu wote Ikulu ya Dar es Salaam. Chanjo yenyewe ilikuwa ya kampuni ya Johnson & Johnson, dozi 1,058,400 zilizotolewa na Marekani, zilizofika siku nne tu kabla. Katika nyumba tuliyolala, baba mwenye nyumba alikuwa upande wa rais wa kwanza, mkewe upande wa pili, na chakula cha jioni kiliwa kwa ubishi.

"MGANGA YUKO WAPI?"

Siku ya tatu tulikwenda hospitali kwa ajili ya jicho. Langoni mama akamwuliza kijana mmoja, "Mganga yuko wapi?" Kijana akamtazama mama, akamtazama binti, akasema kwa heshima, "Mama, waganga hawako hapa, hapa ni hospitali." Kumbe kule mtu wa kawaida akisikia mganga hufikiri yule wa mizizi na hirizi. Kwetu muganga ni yule wa sindano na vidonge. Kiswahili ni kimoja, lakini hapo tulijiona wageni kweli.

Kabla ya kuonwa jicho, mama alipimwa presha. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, akaanza na "Shikamoo mama," na mama, aliyekuwa amefundishwa na wenyeji wetu usiku uliotangulia, akaitikia "Marahaba" kwa fahari. Presha ilikuwa juu. Muuguzi akauliza kama mama amechanjwa corona. Mama akajibu haraka kwamba sisi ni wageni, chanjo ni ya wenyeji, tena hatuitaki.

Karani aliyekuwa karibu akaunga mkono jibu hilo. Alisema dozi zimeletwa kwa ajili ya Watanzania, na kwanza wahudumu wa afya, wenye zaidi ya miaka 50 na wenye magonjwa ya kudumu. Muuguzi akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba mama huyu ana miaka 62, ana presha, analala Ujiji katika nyumba ya watu saba, na kesho atakaa kwenye benchi hili hili na wagonjwa wengine. Kisha akatugeukia akasema: "Mama, sikulazimishi. Lakini kama una maswali, niulize. Nina nafasi kidogo sasa hivi."

Wamama, neno hilo "niulize" hatukuwa tumelisikia tangu ugonjwa uanze. Tulikuwa tumeamriwa kunawa, kuvaa barakoa, kutokusanyika. Tulikuwa tumetishwa redioni na kutishwa kwenye simu. Hakuna aliyekuwa ametuambia tuulize.

Mama akauliza matatu.

La kwanza: ni kweli aliyechanjwa hufa baada ya miaka miwili? Muuguzi akajibu kwamba yeye mwenyewe amechanjwa, na mama yake mzazi pia. Akasema madhara mengi ya chanjo huonekana siku za kwanza au majuma ya kwanza: mkono kuuma, homa, kichwa, uchovu. Akataja pia lile baya: kuna watu wachache sana, mmoja katika wengi mno, wanaoganda damu. Akatueleza dalili zake, maumivu makali ya kichwa yasiyokwisha, kifua kubana, mguu kuvimba, na kwamba tukiziona tusingoje. Hakutuficha.

La pili: kwa nini rais mmoja alikataa na mwingine akakubali? Hapo muuguzi akacheka kidogo. Akasema yeye si mtu wa siasa, ila anachojua ni wagonjwa aliowapokea mwezi wa Julai, na hewa ya mitungi iliyokuwa haitoshi. Hakusema zaidi, na mama hakumbana.

La tatu ndilo lililokuwa zito: "Mimi ni mgeni, mwanangu. Nikichomwa hapa, nikaugua huko kwetu msituni, nani atanitibu?" Muuguzi akanyamaza. Kisha akasema: "Basi msisafiri mara moja. Mkichanjwa, kaeni angalau siku tatu hapa ili nikuone. Na nitakuandikia kwenye kadi jina la chanjo na namba ya chupa, ili muganga wenu," na hapo akalitumia neno letu, "ajue ulichopewa. Tena hii ni sindano moja tu. Haikudai urudi."

Wenye kusafiri mtaelewa uzito wa jambo hilo. Chanjo nyingine zilidai dozi mbili, zikiachana kwa majuma. Nani angevuka ziwa mara ya pili kwa ajili ya sindano?

Mama akasema atafikiri. Muuguzi akasema, "Vizuri, fikiri," akamwita mgonjwa mwingine.

HADITHI AMBAYO MWALIMU HAKUIJUA

Usiku ule mama hakulala. Karibu na saa nane za usiku akamwamsha binti akamsimulia habari ambayo binti, pamoja na diploma yake ya ISP, hakuwa ameisikia hata siku moja.

Mwaka 1977 mama alikuwa na mtoto wake wa kwanza, kaka yetu mkubwa, wa miezi kumi hivi. Siku hizo Kasongo palikuwa na waganga kutoka Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, waliofanya kazi pamoja na waganga na wauguzi wa kwetu, wakisimamisha vituo vya afya na kuchanja watoto dhidi ya surua. Mama mkwe wake alimkataza kabisa. Alisema Wazungu wanaweka alama kwenye damu ya watoto, na mtoto aliyechanjwa hatakuwa na nguvu za kiume. Mama, msichana wa miaka 18, akambeba mtoto mgongoni, akachukua ndoo kama anayekwenda mtoni, akaiacha ndoo kichakani, akaenda kituoni.

Mwaka uliofuata surua ikapita mtaani. "Katika ua ule," mama alisema, "tulikuwa wamama watano wenye watoto wadogo. Wawili walizika." Kaka yetu hakuugua. Mama hakumwambia mama mkwe hata siku alipokufa.

Baada ya safari, binti alitafuta habari za waganga wale. Kazi yao inajulikana duniani. Mwaka 1981 jarida la utabibu la London, The Lancet, lilichapisha uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo wa Kasongo. Wasomi wa nchi za mbali wamejadili jina la mji wetu kwa miaka mingi, na sisi tunaofundisha humo hatukuwa na habari. Watoto wenyewe waliohesabiwa katika uchunguzi ule sasa ni watu wazima wanaokutana nasi sokoni.

Alipomaliza kusimulia, mama akasema: "Maneno ya mama mkwe wangu ni yale yale ninayoyasikia leo kwenye simu. Kesho twende."

CHUPA YA WATU WATANO

Asubuhi tukarudi. Karani alikuwa na fomu inayotaka mkoa, wilaya na kata. Sisi kata hatuna. Alifikiri sana, mwishowe akaandika kata ya wenyeji wetu na namba yao ya simu. Kwa hiyo hadi leo, katika daftari la Tanzania, mama yetu ni mkaaji wa Ujiji. Yeye anafurahi, anasema amerudisha hesabu ya wale waliopotea zamani.

Karani akauliza kama tuna kadi yoyote ya chanjo za zamani. Tukatoa zile za manjano. Muuguzi akazisoma, akauliza tu kwa kawaida: "Homa ya manjano walikuchoma mkono upi, mama?" Mama akanyamaza. Angeweza kusema wa kushoto, nani angejua? Lakini akasema, "Mwanangu, hapa hapakuwa na mkono." Binti aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Muuguzi hakutugombeza. Aliturudishia kadi akasema, "Mbu hajui kusoma, mama."

Ndipo tukajifunza jambo ambalo tunataka kila mama wa Kasongo na Kabambare alijue. Muuguzi alimweka mama kwenye benchi akamwambia angoje. Tukangoja zaidi ya saa moja. Binti akaanza kunung'unika moyoni kwamba ni kwa sababu sisi ni wageni. Kumbe sababu ni nyingine. Chupa moja ya chanjo ile ilikuwa na dozi tano. Ukishaitoboa, una saa sita tu, kinachobaki hutupwa. Muuguzi alikuwa anangoja watu watano wapatikane ili asitupe. Walipatikana wanne: mama, mzee mmoja mvuvi, mwalimu mstaafu na mkewe. Muuguzi akamtazama binti. "Wewe, dada?" Binti hakuwa na miaka 50 wala presha. Lakini dozi ya tano ingekwenda kwenye taka. Akakunja mkono wa blauzi.

Sindano yenyewe haikuuma kuliko ya kwinini tuliyozoea utotoni. Tulikaa nusu saa wakituangalia, tukapewa kadi zetu.

Usiku tukalipa. Mama alitetemeka kwa homa, viungo vikamwuma, akajifunika vikwembe viwili akasema, "Umeona? Umeona?" Binti naye alikuwa na homa na hakuweza kujibu. Mwenye nyumba, yule aliyekuwa upande wa rais wa kwanza, ndiye aliyeamka akachemsha maji na kututafutia vidonge vya homa. Hakusema neno la kutusuta. Siku ya pili tulikunywa uji. Siku ya tatu mama aliuliza kama hakuna mtu anayejua kupika sombe yenye mawese ya kutosha katika mji huu, tukajua amepona. Muuguzi akamwona, akampima presha, akamruhusu. Jicho likafanyiwa kazi juma lililofuata. Tulirudi Kasongo mama akiona mawe yote ya mchele, hata yasiyokuwepo.

TULIPORUDI

Hatutasema kwamba tulipokelewa kwa vigelegele. Habari ilitutangulia. Mpakani na njiani hakuna aliyetuuliza kadi ya corona hata mara moja. Nyumbani ndiko tulikoulizwa. Jirani mmoja aliacha kula kwa mama kwa miezi kadhaa. Wengine walimhesabia binti miezi, kama atashika mimba au la. Kitindamimba wetu alizaliwa mwaka 2023, na waliohesabu walikuja kula wali wa mtoto. Miaka miwili ilipita, kisha wa tatu, na mama bado anagombana na wauza samaki sokoni.

Wala hatutasema chanjo ile ilikuwa bila kasoro. Aliyechanjwa aliweza bado kushikwa na corona. Kazi ya chanjo ilikuwa hasa kumpunguzia mtu ugonjwa mzito na kifo. Na Mei 2022 Marekani walipunguza matumizi ya chanjo hiyo ya Johnson & Johnson kwa sababu ya lile tatizo adimu la damu kuganda. Binti aliposoma habari hiyo alishtuka, akamwambia mama kwa uangalifu. Mama akasema, "Lakini yule mtoto alituambia." Ni kweli, alituambia. Kama angetuficha, siku ile tusingeamini tena sindano yoyote, hata ya surua.

Jambo la kwanza tulilofanya baada ya kupumzika ni kwenda kuchanjwa homa ya manjano, kwa sindano, kwenye mkono. Sasa kadi zetu zinasema kweli.

KWA NINI TUNASEMA HAYA LEO

Corona si habari kubwa tena. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba haihesabiwi tena kuwa dharura ya dunia. Lakini hatukubaki bila ugonjwa. Kati ya mwaka 2019 na 2020 surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto, na dunia ilikuwa inatazama kwingine. Mwaka 2023 mpox ya aina mpya ilizuka Kamituga, kule Kivu ya Kusini, ambako vijana wetu wanakwenda kuchimba dhahabu na kurudi. Agosti 2024 ikatangazwa dharura ya dunia, na Oktoba mwaka huo huo watu wa kwanza wakaanza kuchanjwa Goma. Kila mara maneno ni yale yale: wanatia alama kwenye damu, watu hawatazaa, watakufa baada ya miaka miwili. Mama mkwe wa mwaka 1977 angeyatambua yote.

Kwa hiyo, wamama, tunawaomba mambo manne.

Kwanza, mkifika kituo cha afya na mtoto wa miezi tisa kwa ajili ya surua, mkaambiwa mngoje au mrudi siku iliyopangwa, msiondoke kwa hasira. Chupa ya surua inayotumika kwetu ina dozi kumi, na ile ya kifua kikuu anayochomwa mtoto mchanga ina dozi ishirini. Ikishafunguliwa hudumu saa sita tu. Muganga anangoja watoto watoshe. Dawa ya kukata kungoja iko mikononi mwetu: tupangane sisi wa mtaa mmoja, twende pamoja siku moja, na chupa itafunguliwa mara tunapofika.

Pili, tukumbuke siku zenyewe. Mtoto huanza akizaliwa, kwa kifua kikuu na matone ya polio. Hurudi akiwa na majuma 6, majuma 10 na majuma 14. Miezi 9 ni surua na homa ya manjano, kisha miezi 15 ni surua mara ya pili. Chanjo hizo hazilipiwi. Wengi wetu tunaanza vizuri na kuishia njiani, maana mtoto ameshanenepa na shamba linaita.

Tatu, tusinunue kadi. Tulifanya hivyo, tunajua. Anayekuuzia kadi bila sindano amekuuzia karatasi, na wewe utaipeleka karatasi hiyo mahali penye mbu.

Nne, na hili ni kwa wauguzi wanaosoma gazeti hili, maana wako: mkimwona mama anasitasita, mwambieni "niulize." Tunajua mko wachache na foleni ni ndefu. Lakini dakika kumi za yule muuguzi wa Kigoma zilimchanja mama, zikamchanja binti, na kwa kinywa cha mama zimewachanja wajukuu wote wa ukoo wetu tangu siku ile.

Jumamosi hii, baada ya kukusanya michango ya likilimba, tutabaki kidogo. Tumemwomba muuguzi mmoja wa kituo chetu aje, si kuhubiri, aje kuulizwa. Mama naye atakuwepo. Leteni kadi za watoto, hata zile zilizochanika, na leteni maswali, hata yale mnayoyasema kwa sauti ya chini.

Mama anaomba tuandike pia kwamba hilo la ndoo kichakani amelisema kwa mara ya mwisho, na kwamba anayemjua mtu wa ukoo wa marehemu mama mkwe wake asimpelekee habari hii.